Kabla ya kiumbe wa kwanza, RNA na DNA zilitoka wapi?

Ndugu yangu, swali lako nalirudia kwa kifupi ili na wengine wanaosoma wajue tunaongelea nini. Umesema hivi: DNA ndo inabeba maelekezo ya kutengeneza protini, lakini hiyo hiyo DNA haiwezi kujinakili bila protini, sasa kipi kilitangulia, na hizo herufi zenyewe A, G, C, T na U, zinazounda DNA na ndugu yake RNA, zilitoka wapi wakati duniani hakukuwa na hata bakteria mmoja wa kuzitengeneza? Halafu ukaongeza kwamba kuna mtu kakwambia wanasayansi walishatengeneza uhai kwenye chupa zamani sana kwa kupiga umeme kwenye gesi, ukataka kujua kama ni kweli, na pia kama muda ulitosha.

Hilo la chupa nianze nalo maana halina urefu. Si kweli, ila lina chanzo cha kweli. Mwaka 1952 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey pale Chuo Kikuu cha Chicago, alifunga methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji kwenye vyombo vya kioo, akawa anapitisha cheche za umeme mfululizo kwa siku kadhaa, maji yakabadilika rangi, alipoyapima akakuta amino asidi, zikiwemo glisini na alanini. Majibu yakachapishwa 1953, mwaka ule ule ambao Watson na Crick walitoa umbo la DNA. Amino asidi ni malighafi ya protini, sio uhai, na wala sio herufi hata moja ya vinasaba. Kinachonivutia mimi zaidi kwenye ile chupa ni kitu ambacho hakisemwi sana, kwamba kabla ya amino asidi kutokea zile gesi zilitengeneza kwanza haidrojeni sayanaidi na fomaldehaidi. Yaani sumu mbili kali ndo zilikuwa katikati ya shughuli nzima, na majina yake uyashike maana humu ndani yatarudi tena na tena.

Sasa swali lenyewe. Ukiwaza DNA na protini peke yake huwezi kutoka, kila kimoja kinamsubiri mwenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Carl Woese, Francis Crick na Leslie Orgel, kila mmoja kwa njia yake, walisema labda hakikuanza hiki wala kile, ilianza RNA, kwa sababu RNA inaweza kubeba maelekezo kama DNA na pia inaweza kujikunja ikapata umbo kama protini na pengine ikafanya kazi. Wakati huo lilikuwa wazo tu. Ikaja 1982 Thomas Cech, akichunguza kiumbe kidogo cha seli moja kinachoitwa Tetrahymena, akakuta kipande cha RNA kinajikata chenyewe na kuziunga ncha zilizobaki bila msaada wa protini yoyote. Mwaka uliofuata Sidney Altman na wenzake wakaonyesha kwamba kuna kimeng'enya (molekuli inayoharakisha mimenyuko) cha bakteria ambacho kazi yake ya kukata inafanywa na RNA iliyomo ndani yake, sio protini. Wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia 1989, na katikati hapo, 1986, Walter Gilbert akaliita wazo zima dunia ya RNA.

Ushahidi mzito kuliko wote kwangu ulikuja mwaka 2000, picha za kina za ribosomu zilipotoka. Ribosomu ndo mtambo unaounganisha amino asidi kuwa protini kwenye kila seli iliyo hai, bakteria, mti, binadamu, wote, na watu walipoangalia pale hasa ambapo amino asidi moja inashikishwa kwenye nyingine wakakuta pamejaa RNA, protini zimekaa pembeni zinashikilia tu. Kila protini iliyomo mwilini mwako sasa hivi imeunganishwa na RNA. Kwa hiyo protini ni bidhaa ya RNA mpaka leo. Na DNA nayo ukiangalia seli inavyoitengeneza utaona hivyo hivyo, seli kwanza inatengeneza herufi za RNA, kisha inang'oa oksijeni moja kwenye sukari yake inapata herufi ya DNA, na ile T inapatikana kwa kuchukua U na kuipachika kikundi kidogo cha methili. DNA inaonekana kabisa ni RNA iliyofanyiwa marekebisho. (Kuna kundi la watafiti wanaoona DNA na RNA zilitokea bega kwa bega, na 2020 walionyesha njia ya kemia inayotoa herufi za aina zote mbili kwenye mchanganyiko mmoja, kwa hiyo usichukulie hili limefungwa.)

Basi swali lako linahama. Halibaki kuwa DNA au protini, linakuwa: RNA ilitengenezwaje na kemia tupu?

Herufi moja ya RNA, nukliotaidi, ina sehemu tatu: besi, ambayo ndo yenye jina la A au G au C au U, halafu sukari inayoitwa ribosi, halafu fosfeti. Kwa kuangalia hivyo kila mtu aliona kazi iko wazi, tafuta namna ya kutengeneza besi, tafuta namna ya kutengeneza ribosi, chukua fosfeti, unganisha. Na mwanzoni mambo yalienda vizuri mno. Mwaka 1960 Joan Oró, mkemia mwenye asili ya Catalonia aliyekuwa Houston, alipasha moto mchanganyiko wa haidrojeni sayanaidi na amonia kwenye maji akapata adenini, yaani ile A. Ukihesabu atomu utashangaa. Haidrojeni sayanaidi ina kaboni 1, haidrojeni 1 na naitrojeni 1. Adenini ina kaboni 5, haidrojeni 5 na naitrojeni 5. Ni sayanaidi tano zimeshikana basi, hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Herufi ambayo tunaibeba kwenye jeni zetu, na ambayo imo pia kwenye ATP inayobeba nishati ya seli, imetokana na sumu inayoua kwa dakika chache.

Mtu atauliza, sayanaidi kwenye bahari nzima si itakuwa imechanganyika na maji mengi mno kiasi kwamba molekuli tano hazikutani? Ndio, ni tatizo la kweli, na moja ya majibu yake ni baridi. Miller huyo huyo alifunga myeyusho mwepesi wa amonia na sayanaidi kwenye mirija, akaiweka kwenye friza, mingine nyuzi 20 chini ya sifuri na mingine nyuzi 78 chini ya sifuri, akaiacha humo takriban robo karne. Ilipofunguliwa ikakutwa na adenini na besi nyingine kadhaa. Maji yakiganda yanaganda yakiwa safi, yanasukuma kila kilichoyeyuka kwenda kwenye vijimfereji vidogo ambavyo havijaganda, sayanaidi inabanana huko mpaka inaanza kushikana yenyewe kwa yenyewe. Nalipenda sana jaribio hili kwa sababu hakuna mtu aliyekoroga chochote, ni subira tu na barafu.

Na besi sio za maabara peke yake. Tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilianguka Murchison, jimbo la Victoria huko Australia, zaidi ya kilo 100 za mawe zikaokotwa, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakikuta humo amino asidi za kila aina, kisha besi, mpaka 2022 ikaripotiwa kwamba besi zote tano za DNA na RNA zimeonekana kwenye vimondo vya aina hiyo. Wenye mashaka walisema labda ni uchafu wa duniani uliingia baadaye. Ila chombo cha Marekani OSIRIS-REx kikaenda kwenye asteroidi ya Bennu kikachota gramu 121.6 za vumbi, kikazileta zikiwa zimefungwa Septemba 2023, na Januari 2025 wakatangaza besi zote tano zimo, pamoja na amino asidi 14 kati ya zile 20 zinazotumika kwenye protini. Kwa hiyo kutengeneza besi sio jambo la bahati ya mara moja, ulimwengu unazitengeneza hata kwenye mawe yanayozunguka jua.

Shida ilianza kwenye sukari. Mwaka 1861 Mrusi Aleksandr Butlerov aligundua kwamba fomaldehaidi ikiwekwa kwenye maji ya chokaa inajiunganisha kuwa sukari. Vizuri, ila sio sukari moja, ni sukari za kila namna zimechanganyika, ribosi humo ni kidogo sana, na ukiuacha mchanganyiko uendelee unageuka kahawia halafu unakuwa kama lami. Na hata hiyo ribosi ukiipata haikai. Mwaka 1995 Miller na wenzake waliipima: kwenye maji ya nyuzi 100, pH 7, nusu ya ribosi inapotea ndani ya dakika 73, na kwenye maji ya nyuzi sifuri nusu inapotea kwa miaka 44. Miaka 44 kwa jiolojia si kitu kabisa. Steven Benner na wenzake walionyesha 2004 kwamba madini yenye boroni yanaishika ribosi na kuituliza, mchanganyiko hauendi kwenye lami, na hiyo ni kazi nzuri ambayo mpaka leo ina watu wake.

Ila shida kubwa kuliko hiyo ilikuwa kuunganisha. We chukua besi safi ya dukani na ribosi safi ya dukani, vichanganye, viache vikauke, pasha moto. A na G zinashika kidogo, kwa kiasi kidogo cha kusikitisha. C na U hazishiki kabisa. Sio kidogo, hazishiki. Orgel na watu wake walihangaika na hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa karibu miaka arobaini hapakuwa na njia, kiasi kwamba watu makini kabisa wakaanza kusema RNA isingeweza kuwa ya kwanza, lazima kulikuwa na babu yake mwenye muundo rahisi zaidi, na wengine wakaanza kutengeneza molekuli mbadala kama TNA ya Albert Eschenmoser na PNA ya Peter Nielsen.

Hapa ndo pana jambo ambalo mi ningependa uondoke nalo kuliko jingine lolote. Tatizo halikuwa kwenye kemia, lilikuwa kwenye namna watu walivyokuwa wanaiangalia ile molekuli. Vitabu vinaichora nukliotaidi ikiwa na sehemu tatu, basi sote tukaamini ilijengwa kwa sehemu tatu. Mwaka 2009 Matthew Powner, Béatrice Gerland na John Sutherland, wakiwa Chuo Kikuu cha Manchester, wakaonyesha kwamba C inatokea bila ribosi huru na bila besi huru kuwepo hata kidogo. Sukari na besi zinakua pamoja kutoka kwenye kiini kimoja.

Ngoja nikupitishe taratibu maana inastahili. Unaanza na sianamidi, molekuli ndogo ya ukoo wa sayanaidi, na glikolaldehaidi, sukari ndogo kuliko zote, kaboni mbili tu, ambayo ni fomaldehaidi mbili zimeshikana. Hizo mbili zikiachwa kwenye maji zinatoa matope ya molekuli za kila aina, hakuna faida. Kumbe ukiweka fosfeti tangu mwanzo matope hayatokei, inatokea molekuli moja kwa wingi, inaitwa aminooksazoli. Fosfeti yenyewe haijaingia popote, inahitajika hatua ya mwisho kabisa, ila kukaa kwake humo ndani kunatuliza asidi na kuharakisha hatua inayotakiwa. Wakemia walikuwa na mazoea ya kuongeza kila kitu kwa wakati wake, fosfeti waliiacha nje mpaka mwisho, na kwa kuiacha nje wakaikosa njia. Dunia ya kale haikuwa na mtu wa kuitenga fosfeti pembeni.

Hiyo aminooksazoli ina nusu ya sukari na nusu ya besi tayari. Tena ina tabia ya kugeuka mvuke kirahisi, kwa hiyo jua likiipiga inaweza kupanda ikaacha uchafu chini na kushuka sehemu nyingine ikiwa safi. Inakutana na gliseraldehaidi, sukari ya kaboni tatu, sehemu ya sukari inakamilika. Inakutana na sianoasetileni, molekuli nyingine ya ukoo ule ule, na besi inakamilika. Mwisho fosfeti inaingia na C inasimama, herufi nzima. Halafu wakaiweka kwenye mionzi ya urujuanimno, ambayo ilikuwa ikiipiga dunia ya mwanzo bila kizuizi kwa sababu hapakuwa na oksijeni na hivyo hapakuwa na tabaka la ozoni, na mionzi ile ikafanya mambo mawili kwa pamoja: ikageuza sehemu ya C kuwa U, na ikaziharibu zaidi zile molekuli za kando zenye umbo lisilotakiwa. Besi tunazozitumia zina uwezo wa pekee wa kuigeuza nishati ya mionzi hiyo kuwa joto kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, kabla haijazivunja. Ndugu zao wengi hawana uwezo huo. Ukijiuliza kwa nini ni herufi hizi na sio nyingine, sehemu ya jibu huenda ni kwamba jua lilichagua.

Mwaka 2015 kundi hilo la Sutherland, likiwa Cambridge sasa, likaenda mbali zaidi: haidrojeni sayanaidi, haidrojeni salfaidi, mionzi ya urujuanimno na shaba kidogo, mtandao mmoja wa mimenyuko ukatoa malighafi za herufi za RNA, malighafi za amino asidi kadhaa na malighafi za mafuta ya utando wa seli. Yaani vitu vitatu ambavyo tulizoea kuvigombanisha, nani wa kwanza, vinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Lakini sitaki nikuuzie kitu nusu. A na G hazitoki kwenye njia ile ya 2009, na kwa kundi la Thomas Carell huko Munich zinatoka kwa njia nyingine, ambayo waliiboresha mpaka 2019 wakaweza kupata herufi zote za RNA kwa kutumia mizunguko ya kulowa na kukauka. Wakosoaji wanasema, na wako sahihi, kwamba kwenye maabara bado kuna mtu anayesubiri hatua moja iishe, anaongeza kitu kinachofuata, kwa usafi na kwa kipimo. Jibu linalotolewa ni kwamba mandhari yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo, vijito viwili vyenye kemikali tofauti vikikutana kwenye dimbwi, dimbwi likikauka, mvua ikirudi. Linakubalika kwa akili. Ila kati ya kukubalika kwa akili na kuonyeshwa likitokea bila mkono wa mtu bado kuna safari.

Sayanaidi yenyewe ilitoka wapi nayo umeuliza kwa mbali. Siku hizi wengi hawaamini kwamba hewa ya mwanzo ilikuwa kama ya chupa ya Miller, ilikuwa zaidi kaboni dayoksaidi na naitrojeni. Ila mwamba mkubwa wenye chuma nyingi ukigonga dunia, chuma inanyang'anya maji oksijeni yake, haidrojeni inabaki, na kwa kipindi fulani hewa inakuwa na methani na pengine amonia, hapo jua na radi vinatengeneza sayanaidi inanyesha na mvua. Chuma iliyoyeyuka ziwani inaikamata, inaituliza kama chumvi inayorundikana chini, na joto la volkano likipita baadaye inaachiwa ikiwa nyingi mahali pamoja. Kuhusu fosfeti, tatizo lake lilikuwa kwamba inapenda kalisiamu, zikikutana zinakuwa jiwe la apataiti lisiloyeyuka kirahisi. Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington wakaonyesha 2020 kwamba maziwa ya magadi yanalikwepa hilo, kaboneti inaikamata kalisiamu kwanza na fosfeti inabaki huru majini. Walitumia vipimo vya maziwa ya leo, kama Mono huko California, Magadi la Kenya na Lonar la India, na wakaonyesha maziwa ya aina hii yanaweza kuwa na fosforasi hadi mara 50,000 ya ile iliyo kwenye maji ya bahari.

Ndo maana mimi niko upande wa nchi kavu, sio chini ya bahari. Kuna wanasayansi wazuri sana wanaosema uhai ulianza kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari, na kwa upande wa nishati hoja zao ni nzuri, ila kwa herufi za RNA huko hakuna mionzi ya jua, hakuna kukauka, na maji yenyewe ni adui. Kila herufi inayounganishwa kwenye nyingine inatoa molekuli moja ya maji, sasa ukiwa umezama majini kila kitu kinasukumwa kurudi nyuma, kuvunjika. Dimbwi linalokauka linasukuma mbele.

Kuunganisha herufi kuwa uzi mrefu, hapo udongo umesaidia. Udongo wa mfinyanzi wa aina ya montmorilonaiti una matabaka membamba yanayozishika herufi karibu karibu, na mwaka 1996 James Ferris na wenzake, kwa kuongeza herufi zilizotiwa nguvu kila siku, walipata nyuzi za zaidi ya herufi 50. Na udongo huo huo unaharakisha mafuta kujikunja kuwa vifuko, hilo lilionyeshwa kwenye maabara ya Jack Szostak 2003. Szostak ametumia miaka mingi kwenye hatua inayofuata, kunakili uzi bila kimeng'enya chochote: uzi wa kwanza unalala, herufi zinakuja zenyewe zinashika wenzao, A kwa U na G kwa C, kisha zinaungana. Inafanya kazi kwa nyuzi fupi. Ila inataka magnesiamu nyingi, na magnesiamu nyingi inavunja vifuko vya mafuta na kuiharibu RNA yenyewe. Mwaka 2013 akiwa na Katarzyna Adamala wakaonyesha kwamba sitreti, ile ya kwenye ndimu na limau, inaishika magnesiamu kwa namna ambayo kifuko kinapona na kunakili kunaendelea. Kilichobaki kinasumbua ni kwamba uzi ukishanakiliwa unabaki umeng'ang'ania nakala yake, ukiutenganisha kwa joto unarudiana haraka kuliko herufi mpya zinavyoweza kuingia.

Kuna na suala la mkono wa kulia na wa kushoto. Sukari hizi zinakuja kwa maumbo mawili, moja ni taswira ya kioo ya jingine, na RNA yetu inatumia la upande mmoja tu. Mwaka 1984 ilionyeshwa kwamba herufi za upande wa pili zikiwemo kwenye mchanganyiko zinaingia mwishoni mwa uzi na kuuziba, kunakili kunasimama. Sasa 2023 Furkan Ozturk na Dimitar Sasselov wa Harvard, wakiwa pamoja na Sutherland, wakachukua molekuli ya ukoo wa aminooksazoli, ile ile ya njia ya 2009 ila ikiwa tayari na umbo la ribosi, wakaifanya ijitengeneze fuwele juu ya magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, na fuwele zikajichuja mpaka zikawa za upande mmoja. Magnetaiti ni madini ya kawaida kabisa, yanaweza kukaa chini ya ziwa lolote la volkano. Nilivyosoma hilo nilifurahi sana, kwa sababu molekuli iliyopendekezwa kwa sababu moja ikawa inatatua tatizo jingine ambalo halikuwa kwenye hesabu.

Ukauliza pia kama muda ulitosha. Dunia ina miaka bilioni 4.54. Vipunje vya madini ya zirkoni kutoka Jack Hills, Australia Magharibi, vingine vina miaka bilioni 4.4, na kemia ya vipunje vya kale vya hapo inaashiria maji yalishakuwepo mapema sana. Alama za viumbe zinazokubalika na wengi zina karibu miaka bilioni 3.5. Kwa hiyo kuna karibu miaka milioni 900 katikati, na kwa mimenyuko inayochukua siku au miaka hiyo ni nafasi kubwa mno.

Na ukishapata molekuli inayonakiliwa, hata kwa makosa makosa, mambo yanabadilika kabisa, uchaguzi unaanza hata kabla ya seli. Sol Spiegelman alilionyesha 1967 kwa RNA ya kirusi cha bakteria, akaiweka kwenye bomba pamoja na kimeng'enya cha kuinakili, akawa anahamisha tone kidogo kwenda bomba jipya, tena na tena mara 74, akiipa muda mfupi zaidi kadiri anavyoendelea. RNA ikatupa zaidi ya asilimia 80 ya urefu wake ikabaki fupi inayonakiliwa kwa kasi. Hakuna aliyeipanga. Fupi zilimaliza kunakiliwa mapema zikazijaza bomba.

Kile kimeng'enya cha Spiegelman kilikuwa protini, na hapo ndo mpaka wa kazi ulipo sasa. Tunatafuta RNA ambayo yenyewe ndo kimeng'enya, inayonakili RNA nyingine na hatimaye nakala yake yenyewe. Mwaka 2001 kundi la David Bartel lilipata RNA inayounganisha herufi 14 kwa kufuata uzi mwingine. Mwaka 2011 kundi la Philipp Holliger huko Cambridge likafika 95, wakati RNA inayofanya kazi hiyo yenyewe ni ndefu kuliko hapo kama mara mbili. Mwaka 2024 kundi la Gerald Joyce kwenye Taasisi ya Salk likapata RNA inayonakili RNA nyingine ndogo inayofanya kazi ya kukata, kwa usahihi wa kutosha kiasi kwamba nakala za vizazi vilivyofuata ziliendelea kufanya kazi, na zikaanza kutokea aina mpya zinazonakiliwa vizuri zaidi ya ile ya mwanzo. Ukisikia kundi lolote limepata RNA inayonakili uzi mrefu kama yenyewe, kuanzia kwenye herufi mojamoja, bila protini humo ndani, isome hiyo habari mpaka mwisho.